Bi Icie na Gari la Kusimama: Wasifu wa Marehemu Icilda Mavis Tulloch

Marehemu Icilda Mavis Tulloch, binti wa ukoo wa Facey, alizaliwa siku ya Jumapili tarehe 3 Mei 1936 hapa hapa Bethel Gap, wilaya ya Manchester, Jamaika. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Bwana Hezekiah Facey, mkulima wa tangawizi na viazi vikuu, na marehemu Mama Lurline, aliyekuwa na meza yake katika soko la Christiana. Jina lake lote lilitumiwa na mchungaji siku ya ubatizo, na mara nyingine moja tu ambayo tutaifikia. Siku nyingine zote alikuwa Bi Icie, au Icilda akigombezwa.

Alisoma shule ya msingi ya Bethel Gap kuanzia mwaka 1942 hadi 1951. Hesabu hakuzipenda, na zenyewe hazikumpenda, ila sindano ilimtii tangu utotoni. Kuna siku moja ya shule aliyoisimulia mpaka sisi wapwa zake tukawa tunamalizia sentensi. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mgeni wa ukoo wa kifalme alikuwa apite kijijini, na watoto walipangwa barabarani tangu asubuhi na bendera za karatasi. Siku zile wageni wa namna hiyo walisafiri kwa magari marefu meusi, mazuri kwa barabara za mjini, lakini mlima wa Spur Tree hauna adabu kwa gari refu. Gari lilichemka, likasubiriwa lipoe, likaja limechelewa na vioo vimefungwa, na likapita mbio kufidia muda.

Mama Lurline alimuuliza jioni, “Haya, umemwona?”

“Nimeona glavu.”

“Glavu tu?”

“Glavu tu, Mama. Wala sijui kama ndani yake mlikuwa na mkono.”

Nyumba nzima ilicheka, yeye akaenda kulia nyuma ya jiko.

Baada ya shule alijifunza ushonaji kwa Bi Ottey wa Christiana, mwanamke mkali aliyefumua mshono uliopinda mbele ya mteja mwenyewe. Mnamo Septemba 1955 Bi Icie alikwenda Kingston, akaajiriwa katika karakana ya magari ya serikali kama fundi wa viti na maturubai. Alikuwa mwanamke pekee kwenye karakana ile. Mafundi wa injini walimpa wiki mbili, wakisema atakimbia harufu ya dizeli. Kabla ya mwezi kwisha wao ndio walikuwa wanamletea suruali zao zilizochanika.

Hapo ndipo alipokutana na Gari la Kusimama. Kwa vijana ambao hawakuliona, tueleze kidogo, maana yeye mwenyewe asingetusamehe tukiliruka. Baada ya vita Landrova ilikuwa gari la shamba, la kubeba mbolea na ndama. Lakini ilipanda mlima bila kuchemka, na ilikwenda mwendo wa mtu anayetembea bila kulalamika. Wakubwa wakaona hiyo ndiyo dawa ya misafara ya kifalme. Wakaikata nyuma, wakaweka jukwaa dogo lenye zulia, ngazi mbili za kupandia, na bomba la kushikia mbele ya mgeni. Wakaipaka rangi ya zambarau iliyoiva, wakaipa mahali pa kuchomeka bendera kwenye boneti. Mgeni alisafiri njia ndefu ndani ya gari la kawaida, akifika penye watu alihamia kwenye Landrova, akasimama, akaonekana mzima kuanzia kofia hadi viatu. Mwanzoni gari kama hilo lilikuja kwa meli likimtangulia mgeni, baadaye karakana ile ikatengeneza la kisiwa chenyewe. Viti, turubai na ngozi iliyofungwa kwenye bomba vilikuwa kazi ya mikono ya Bi Icie.

Mwaka 1959 gari lilipokuwa likiandaliwa kwa ziara yake ya kwanza, Bwana Lindo, mkuu wa karakana, alipata taabu. Bomba lilitakiwa limfikie mgeni kiunoni, na kimo cha mgeni kilikuwa kimetumwa kutoka ng'ambo, pamoja na kisigino cha viatu vyake. Madereva wote walikuwa warefu kama milingoti. Bwana Lindo akatazama huku na huku, jicho likamwangukia Bi Icie na cherehani yake.

“Wewe binti, panda juu. Kuanzia leo wewe ndiye mtoto wa mfalme.”

“Na mshahara wa mtoto wa mfalme, au ule ule wangu?”

“Panda, Icilda.”

Dereva alikuwa kijana wa Mandeville, Osbourne Tulloch. Kazi ya dereva wa gari lile ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mgeni hakutakiwa kuyumba gari linapoondoka wala linaposimama. Karakana ilikuwa na jaribio lake. Siku ya Jumamosi sufuria ya supu ya maharagwe mekundu, ile ile ya chakula cha mchana cha mafundi, iliwekwa kwenye jukwaa ikiwa imejaa. Supu ikimwagika, dereva alikula mkate mkavu na macho ya wenzake. Siku ya kwanza Ossie aliondoa mguu kwenye klachi ghafla. Supu ikamwagika, na kofia ya Bi Icie ikatua kwenye dimbwi la mafuta.

“Samahani, dada.”

“Samahani ya nini? Ukimwangusha mtoto wa mfalme watakufunga. Ukiniangusha mimi, utanioa?”

Mafundi walishangilia hadi Bwana Lindo akatoka ofisini. Ossie hakujibu neno, lakini kuanzia Jumamosi iliyofuata hakuna tone la supu lililomwagika. Watu wa mitaa ya jirani walizoea kutoka na kujipanga kwenye mazoezi, wakimpungia Bi Icie na kumwinamia kwa mizaha. “Mtukufu, unga umepanda bei!” Naye aliwapungia kwa heshima zote.

Ziara yenyewe ilikwenda vizuri isipokuwa jambo moja, na hilo Bi Icie alilikiri mwenyewe. Alikuwa ameing'arisha ngozi ya bomba kwa nta ya kahawia mpaka unajiona sura. Katika mazoezi yote alishika kwa mikono mitupu, hakuna aliyekumbuka kwamba mgeni huvaa glavu nyeupe. Mchana ule glavu za mgeni zilirudi zikiwa na rangi ya viatu. Tangu hapo Bi Icie alifanya mazoezi na glavu, na nta haikuruhusiwa tena kukaribia bomba.

Ossie alijibu lile swali tarehe 15 Aprili 1961, Jumamosi, katika Kanisa la Moravian la Bethel Gap. Walijaliwa watoto watatu. Walikaa Kingston, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa na harufu ya vitambaa vipya na pilipili, na waligombana karibu kila siku, kwa furaha, kuhusu mambo yasiyo na maana. Ossie alilipenda Gari la Kusimama kupita kiasi. Alilifuta kwa fulana zake mwenyewe. Bi Icie alisema yeye alikuwa mke wa pili, na kwamba mke mkubwa alikunywa petroli.

Sasa tufike Alhamisi ya tarehe 8 Machi 1973. Siku hiyo mgeni wa kifalme alikuwa apite hapa Bethel Gap, na kwa mara ya kwanza gari lile lilikuwa lifike nyumbani kwao Bi Icie. Lilitangulizwa jana yake ili limsubiri mgeni hapa juu kwenye uwanja wa shule. Ossie alikuja nalo, na Bi Icie alikuja kulifunika na kulifunua, maana mvua ilikuwa imeshika milima. Mwalimu Nembhard, mkuu wa shule, alikuwa amewafundisha watoto nyimbo kwa muhula mzima. Wazazi waliuza mbuzi kununua viatu. Toka saa mbili asubuhi watoto walikuwa wamesimama kando ya barabara kwenye manyunyu, na Mama Lurline alikuwa mbele yao na mwavuli, akijifanya askari.

Mchana askari wa pikipiki alikuja akiwa tope mwili mzima. Mlima ulikuwa umeporomoka chini ya Christiana. Mgeni alikuwa ameshageuzwa Kingston.

Mwalimu Nembhard alivua kofia. “Nitawaambia nini hawa?”

Bi Icie alitazama ile safu ya watoto, viatu vipya vimelowa, bendera za karatasi zimeanza kuchuja rangi mikononi. Alivua aproni, akachukua kofia ya kanisani ya mke wa Mwalimu, akavaa zile glavu za mazoezi, akapanda.

“Icie, shuka,” Ossie alimwambia.

“Washa gari.”

“Gari hili si letu.”

“Kwani nimesema ni letu? Washa, Ossie, watoto wanalowa.”

Ossie aliingia kwenye usukani. Aliiacha bendera ya gari ndani ya mfuko wake, kwa kuwa haipandishwi bila mgeni mwenyewe, na hilo baadaye ndilo lililomwokoa asifungwe. Akaweka gia nzito. Gari likaondoka hata usijue limeondoka saa ngapi.

Watoto walimjua, bila shaka. Wengine alikuwa amewashonea sare. Kwa dakika moja walikodoa macho tu, kisha msichana mmoja akapaza sauti, “Bi Icie! Simama wima!” na kelele zikalipuka ambazo waliozisikia wanasema hazijarudi tena kijijini hapa. Waliimba nyimbo zote. Walipunga mabaki ya bendera. Mama Lurline alikuja mbio na mwavuli wake.

“Icilda! Shuka hapo kabla hujaaibisha ukoo!”

Lakini gari lilipomfikia, Bi Icie alimgeukia, akainamisha kichwa kidogo, akampungia kwa mkono wa glavu. Mama Lurline akakunja goti mpaka sketi yake ikagusa tope. Alisema mpaka kufa kwake kwamba aliteleza.

Mtu mmoja alipiga picha, picha ikatoka gazetini, na Kingston hawakucheka. Iliundwa tume ya uchunguzi. Mwenyekiti alisoma jina lote, Icilda Mavis Tulloch, akauliza nani aliamuru gari liondoke.

“Mimi,” alisema Bi Icie.

“Mwongo,” alisema Ossie. “Huyu hajui hata ufunguo unaingia wapi. Mwendeshaji ni mimi.”

“Ossie, usinidharau mbele za watu. Ufunguo najua unapoingia.”

Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake lawama, basi wakagawana. Bi Icie aliachishwa kazi. Ossie aliondolewa kwenye Gari la Kusimama, akapewa lori la maji la huku milimani. Mwaka 1974 walihamia Bethel Gap moja kwa moja. Bi Icie akaweka cherehani barazani, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna mtoto aliyekwenda shule hapa bila mshono wake mgongoni. Gari lile, tulisikia, liliishia kwenye chuma chakavu.

Bi Icie hakujutia kupanda. Kilichomla moyo ni Ossie. Kila redio ilipotangaza msafara mwingine na watu wakisikika wanashangilia, Ossie alichukua panga, akaenda shambani bila kusema kitu, akarudi giza likiingia. Mkewe aliona analilia gari lake. Aliona yeye ndiye aliyemnyang'anya kitu alichokipenda, na hakuwa na namna ya kumrudishia. Mwanamke huyu aliyeweza kumjibu mwenyekiti wa tume hakuweza kumuuliza mumewe swali moja. Alimpikia samaki wa chumvi na ndizi mbichi jioni hizo, sahani iliyojaa kupita kawaida, na wote wawili walikula kimya.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2020. Alitibiwa Mandeville, akaongezewa dawa, akapunguziwa chumvi, jambo alilolichukua kama tusi la binafsi. Kuanzia Novemba mwaka jana hakutoka kitandani. Alasiri moja ya Desemba, binti yake Marva akiwa anakunja nguo chumba kile kile, Bi Icie alimwita mumewe akae karibu. Marva ametupa ruhusa ya kuyaandika yaliyosemwa, na Mzee Ossie naye amekubali.

“Ossie, nisamehe lile gari.”

“Gari gani?”

“Usijifanye umezeeka. Nilikunyang'anya. Redio ikitaja msafara, wewe unakimbilia shamba, unadhani sioni?”

Mzee Ossie alisogeza kiti karibu zaidi na kitanda.

“Icie, siku ile niligeuza gari wapi?”

“Kwenye njia panda, dukani kwa Bi Myrtle. Watu walikuwa wameisha.”

“Hawakuwa wameisha. Kule chini darajani kulikuwa na darasa la wadogo. Mwalimu Nembhard aliwapeleka kule makusudi, wakubwa wasiwazibe. Mimi nilijua, wewe hukujua. Nilipofika kwa Bi Myrtle nikamwona askari anaandika namba ya gari. Nikaogopa, nikageuza. Wale wadogo walisimama kwenye mvua mpaka jioni, wakisikia wenzao wanaimba huku juu. Hakuna aliyekumbuka kwenda kuwaambia. Sasa nikisikia watu wanashangilia redioni, nitakaaje hapo nisikilize?”

Bi Icie alimtazama.

“Ndiyo maana na lori la maji siku zote ulianzia kule chini?”

“Ndiyo.”

“Osbourne Tulloch! Miaka yote hiyo nilijua una mwanamke kule!”

Walicheka, Marva anasema, hadi akaogopa, mama anakohoa na baba anafuta macho kwa shuka. Walipotulia Bi Icie alishika mkono wa mumewe. Alisema kwamba asingejua, angekufa na deni lisilo lake, na kumbe la mwenzake ndilo zito. Akamlaumu kidogo kwa kubeba peke yake. Kisha akasema:

“Siku yangu ikifika, nipitishe kule chini.”

“Barabara ni mbovu, Icie. Gari la maiti halipiti.”

“Basi tafuta linalopita. Mimi nimeshapanda yale yanayopita.”

Alifariki dunia nyumbani kwake siku ya Jumatano tarehe 18 Januari 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amekaa kando ya kitanda. Alikuwa na umri wa miaka themanini na sita.

Bi Icie ameacha watoto watatu: Marva, mwalimu huko May Pen, Lincoln, mkulima wa hapa Bethel Gap, na Paulette, muuguzi aliyesafiri kutoka ng'ambo kuja kumzika mama yake. Ameacha wajukuu saba, kaka yake Wilfred Facey, na wapwa wengi, akiwemo Beverley anayewasomea haya. Na ameacha mume, Mzee Osbourne Tulloch, mwenye miaka themanini na minane, ambaye madaktari wamemkataza kushika usukani.

Wengi wameuliza kwa nini leo, Jumamosi tarehe 4 Februari, jeneza linashushwa kutoka gari la maiti pale kwa Bi Myrtle na kupakiwa kwenye Landrova ya Lincoln, ile anayobebea viazi, ili lije kanisani kwa kuzunguka barabara ya chini yenye mashimo. Sasa mnajua. Mzee Ossie ameomba kiti cha mbele, amwambie mwanawe gia za kuweka. Darasa lile la wadogo sasa ni watu wazima wenye mvi, wengine wamehama, wengine wametangulia. Hatukumtangazia mtu yeyote, kwa kuwa marehemu alikataa watu wapangwe tena barabarani kwa amri. Kwa hiyo wakati karatasi hii inakwenda kuchapishwa, hatujui kama pale darajani kutakuwa na mtu hata mmoja.

Tulimuuliza Mzee Ossie, ikiwa hakutakuwa na mtu, tupite haraka ili ibada isichelewe? Akasema hapana. Akasema Icie atapita taratibu, mwendo wa mtu anayetembea, mwanzo hadi mwisho wa daraja, kama vile wale wadogo wamesimama wote.

Keti sasa, Bi Icie, umesimama vya kutosha. Bwana akupokee, upumzike kwa amani.